Andiko Ladokeza, Msomaji Ahitimisha: Tofauti ya "Imply" na "Infer"

Wanafunzi wa theolojia wasomao vitabu vya ufafanuzi wa Biblia kwa Kiingereza hukutana mara kwa mara na vitenzi viwili, "imply" na "infer". Vyote viwili huhusu maana isiyotamkwa waziwazi, na kwa hiyo wengi huvifasiri kwa neno moja, "kumaanisha". Hata hivyo, kila kimoja kina mtenda wake.

"Imply" ni kazi ya msemaji au ya andiko. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kukunja ndani: maana imekunjwa ndani ya maneno. Kwa Kiswahili twaweza kusema "kudokeza". "Infer" ni kazi ya msikilizaji au msomaji. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kuleta ndani: msomaji huyapima yaliyosemwa na kufikia jambo lisilosemwa. Hapo twasema "kuhitimisha". Ni kweli kwamba waandishi wa Kiingereza hawakuutunza mpaka huu nyakati zote. Thomas More alitumia "infer" kwa maana iliyo karibu na "imply" mnamo 1533. Lakini katika uandishi wa kitaaluma wa leo ni vema kuutunza.

Kwa mhubiri, jambo hili si la sarufi tu. Katika sura ya 2 Mathayo ataja zawadi tatu, dhahabu, uvumba na manemane, bali hataji idadi ya mamajusi. Kwamba walikuwa watatu ni hitimisho letu, nalo halimdhuru mtu. Tazama sasa Matendo 16, ambapo Lidia na mlinzi wa gereza walibatizwa pamoja na watu wa nyumbani mwao. Je, walikuwamo watoto wachanga? Luka hasemi. Sisi Walutheri huhitimisha kwamba yamkini walikuwamo, na hitimisho hilo lina uzito. Lakini tukimwambia ndugu wa kanisa lingine kwamba andiko lenyewe limesema hivyo, tumemtwika Luka mzigo wetu, na ndugu huyo atatusahihisha kwa haki. Ungamo la Augsburg la 1530, katika kifungu cha 9, lafundisha ubatizo wa watoto kwa kuitaja neema ya Mungu itolewayo katika ubatizo, wala halikuegemea hesabu ya waliokuwamo nyumbani mwa Lidia.

Basi kabla ya kutamka mimbarani kwamba andiko lasema, mhubiri na ajiulize: neno hili limekunjwa ndani ya andiko, au nimelileta mimi? Likiwa ni hitimisho lake, na aliite hivyo, kisha aeleze sababu zake.