Amarone: mvinyo wa zabibu zilizoanikwa

Muulize mama anayeanika ndagala ufukweni Kigwena, kusini ya mji wa Rumonge, kwa nini kilo ya ndagala kavu ni ghali kuliko ya mbichi. Atakujibu papo hapo: maji yametoka. Jibu hilo ndilo linaloeleza bei ya Amarone, mvinyo mwekundu wa Italia wenye heshima kubwa. Chupa za marehemu Giuseppe Quintarelli, mtengenezaji wake mashuhuri, huuzwa kwa mamia ya euro.

Mvinyo wa kawaida, ukiwemo wa Dodoma, hutokana na zabibu zinazokamuliwa mara baada ya kuvunwa. Amarone hutoka Valpolicella, kwenye vilima vya kaskazini ya Verona, na huko hawana haraka. Zabibu za Corvina, Corvinone na Rondinella huvunwa kwa mkono, vichala vizima visivyo na jeraha, kisha hutandazwa kwenye vichanja au makreti ndani ya ghala lenye madirisha makubwa. Hukaa humo miezi mitatu au zaidi, zikinywea na kukunjamana, hadi zipoteze kama theluthi ya uzito au zaidi. Adui ni unyevu: hewa ikituama, ukungu huingia na kichala kinaoza, kama ndagala zinavyoharibika mvua ikinyesha kabla hazijakauka. Sheria hairuhusu kukamua kabla ya Desemba 1, isipokuwa kwa kibali.

Maji yakipungua, sukari hubaki. Chachu huigeuza kuwa kilevi, na ndiyo maana Amarone haiwezi kushuka chini ya asilimia 14. Nyingi hufika 15 au 16. Zamani chachu ilisimamishwa mapema ili mvinyo ubaki mtamu, nao ulijulikana kama Recioto. Husimuliwa kwamba mwaka 1936, katika ushirika wa wakulima wa Negrar, pipa moja la Recioto lilisahauliwa, chachu ikamaliza sukari yote, na mkuu wa ghala, Adelino Lucchese, akaonja kitu kikavu na kikali: Amarone. Mimi naamini pipa la namna hiyo lilikwisha kusahauliwa mara nyingi kabla yake, ila hakuna aliyeona la kuuza.

Baada ya kuchachuka, mvinyo hulazwa miaka miwili au zaidi, minne ukiwa Riserva. Ladha yake ni ya cheri kavu, kakao na tumbaku, na uchungu kidogo mwishoni.

Kwa msomaji asiyekunywa, na pwani hii wapo wengi, habari ya kuanika inatosha. Anayekunywa asidanganywe na ushauri wa kuuacha mvinyo mwekundu kwenye joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya. Rumonge, iweke chupa kwenye friji mpaka ifikie nyuzi 16 hadi 18, la sivyo kilevi kitafunika kila kitu. Usiunywe na mukeke wa kuchoma wenye limau. Mvinyo utammeza samaki mzima. Nyama ya mbuzi inauweza.

Dukani, tafuta maneno Amarone della Valpolicella na utepe wa DOCG shingoni, daraja ambalo mvinyo huu ulipewa kuanzia mavuno ya 2010. Ukiona Ripasso, huo ni mvinyo mwingine, uliopitishwa juu ya makapi ya Amarone: mzuri, wa bei nafuu, na kwa anayeanza ningemshauri aanze na huo.