Folda isiyofutika: kagua stakabadhi zako kwanza

Ni saa nne usiku, na mzigo wa mchele unatakiwa kuwa Rusumo alfajiri. Mfanyabiashara amekaa nyumbani mbele ya kompyuta, anataka kuhifadhi ankara ya mwisho, lakini diski imejaa. Akipekua anakuta folda moja iitwayo Windows.old imebeba gigabaiti zaidi ya 20. Anabonyeza kitufe cha kufuta. Kompyuta inakataa: hana ruhusa.

Usiku wa namna hii umewakuta wengi tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za nyumbani zimehamishiwa Windows 11, baadhi na wenyewe, baadhi na fundi wa mtaani. Mfumo mpya unapoingia hauutupi ule wa zamani. Huukusanya na kuuweka ndani ya Windows.old, ili mwenye mashine akijuta aweze kurudi alikotoka. Muda wa kujuta kwa kawaida ni siku 10, kisha Windows huiondoa folda hiyo yenyewe. Lakini diski ya gigabaiti 128 haina subira ya siku 10, na wakati mwingine folda hubaki hata baada ya hapo.

Kwa nini inakataa amri ya mwenye kompyuta? Mtu wa mpakani hahitaji kuelezwa sana. Mzigo ulio kwenye ghala la dhamana ni mali yake, ameununua kwa fedha zake, lakini lakiri iliyo mlangoni ni ya forodha. Ndivyo ilivyo hapa. Faili za mfumo zimeandikishwa kwa jina la mfumo wenyewe, si la mtumiaji, hata kama mtumiaji huyo ndiye msimamizi wa mashine.

Wapo mafundi wanaoikata lakiri: hubadilisha umiliki wa folda kwa amri, kisha huifuta kwa nguvu. Mara nyingi hufaulu. Ila Windows.old na Windows ni majirani wenye majina yanayokaribiana mno, na anayekosea mlango usiku akiwa na usingizi, asubuhi kompyuta haiwaki.

Njia halali ni fupi kuliko hiyo. Andika "Disk Cleanup" kwenye sehemu ya kutafutia, fungua programu hiyo, chagua diski C, kisha bofya "Clean up system files". Orodha ikirudi, weka alama kwenye "Previous Windows installation" na ukubali. Katika Windows 11 kazi hiyo hiyo hupatikana pia kwenye mipangilio, upande wa hifadhi, penye faili za muda. Ikigoma, washa kompyuta upya na ujaribu tena.

Lakini kabla ya kukubali, kuna hasara ambayo haihusu kompyuta. Fundi akiweka Windows mpya bila kuhamisha faili za mteja, ankara zote, nakala za matamko ya forodha, vyeti vya uasili wa bidhaa na daftari la madeni huangukia humo humo ndani ya Windows.old, kwenye folda ya Users. Mwenye mali huona nafasi inayoliwa bure, kumbe ndiyo kabati lake la stakabadhi. Na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa uwezo wa kudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka mitano tangu ulipoingia nchini. "Kompyuta ilijaa" si jibu la kumpa ofisa huyo.

Kwa hiyo ifunguliwe Users kwanza, kisha folda yenye jina la mtumiaji, kisha Documents, Desktop na Downloads. Kompyuta ikiomba idhini ya kuingia, ipewe. Chochote cha biashara kinakiliwe kwenye flashi au diski ya nje, na ankara mbili tatu zifunguliwe kutoka huko huko kwenye flashi kuhakikisha zinasomeka. Hapo ndipo folda ifutwe. Huchukua dakika kadhaa, na kompyuta isizimwe katikati. Kinachoondolewa kwa njia hii hakipitii pipa la taka, na mlango wa kurudi Windows ya zamani unafungwa hapo hapo.