Unyanyembe: Ghala Kabla ya Njia

Wasikilizaji wangu, mtu atakaye kujitegemea shambani katika nchi ya Tabora na aipime kwanza kwa mambo matatu: maji, chakula, na njia.

Maji. Mvua huwa ya msimu mmoja, tangu Novemba hata Aprili. Kisha vijito hukauka. Basi kisima na kichimbwe mwisho wa kiangazi, maana maji yapatikanayo wakati huo ndiyo ya kutumainiwa.

Chakula. Mtama na uwele hustahimili ukame. Muhogo hungoja ardhini. Viazi vitamu hukatwa vikaanikwa kuwa michembe, au huchemshwa kwanza vikawa matobolwa. Miombo hutoa asali na kuni, lakini penye mbung'o usifuge ng'ombe.

Njia. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Stanley akalazimika kuzunguka kusini, na wafanyi biashara wakakwama. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini mafuriko ya Kilosa, mwisho wa mwaka 2009, yaliikata.

Nguo na pembe haziliwi. Kwa hiyo ihesabu ghala yako kana kwamba njia imefungwa, tangu mavuno hata mavuno.