Ukiambiwa "toa apu ya zamani kwanza", simama hapo

Uko stendi ya Voi unangoja matatu ya Wundanyi. Kwenye grupu ya WhatsApp mtu anatuma faili: "Apu mpya ya pesa, sasisha leo usifungiwe akaunti." Jina la faili linaishia na .apk. Usilifungue. Tukueleze kwa nini.

APK ni kifurushi chenye apu nzima ndani. Kila kifurushi cha Android hutiwa sahihi ya kidijitali na aliyekitengeneza. Sasisho likija, simu hulinganisha sahihi yake na ya apu uliyo nayo. Zisipolingana, simu inakataa.

Tapeli anaweza kuiga nembo na rangi zetu, lakini sahihi yetu hana. Ndio maana anakwambia utoe apu ya zamani kwanza. Ukiitoa, simu haina tena cha kulinganisha. Apu yake ikishaingia, inaomba ruhusa ya kusoma SMS, nawe unaiandikia PIN yako mwenyewe.

Wanaotumia kompyuta za Ubuntu wana utaratibu kama huu. Wanaandika amri "sudo apt update" kupata orodha mpya ya vifurushi, kisha "sudo apt upgrade" kuviweka. Vifurushi hutoka kwenye hazina inayojulikana, na sahihi hukaguliwa kwanza. Kwa simu ya Android, hazina yako ni Play Store.

Kwa hivyo:

1. Kuweka: fungua Play Store mwenyewe, tafuta jina letu, kisha soma jina la mtengenezaji chini yake. Usipitie linki ya kutumiwa.

2. Kusasisha: fanya hapo hapo Play Store. Kama bando ni kidogo, ngoja upate Wi-Fi.

3. Kutoa: pesa zako haziko ndani ya apu, ziko kwenye akaunti. Ukiifuta, salio linabaki. Na bila apu, msimbo wetu wa nyota na hash bado unafanya kazi, hata kwa kabambe. Hakuna sababu ya kuharakishwa.

Je, umeshaweka faili la kutumiwa? Zima data sasa hivi. Azima simu ya mtu unayemwamini, utupigie kwa namba iliyo kwenye tovuti yetu, tuisimamishe akaunti. Baada ya hapo ndio uifute apu hiyo na ubadilishe PIN.