Ni nani anayenufaika na nyufa za programu za kompyuta?

KATIKA vibanda vya kuchapisha stakabadhi mtaani Uthiru, kando ya Waiyaki Way jijini Nairobi, mteja anayefika na flashi yake mkononi huulizwa kwanza iwapo haina virusi. Swali hilo kwa kawaida huandamana na uvumi usiozeeka: kwamba virusi huundwa na kampuni zizo hizo zinazouza dawa yake.

Uvumi huo haujawahi kuthibitishwa. Lakini si haki kumcheka anayeuamini, kwa maana ameng'amua jambo moja la kweli: kuna wanaopata faida programu zinapouzwa zikiwa na nyufa.

Mnunuzi wa shati katika soko la Kangemi hulivuta mshono kabla ya kulipa. Mnunuzi wa programu hawezi kufanya hivyo. Anachokiona ni bei na sura; mamilioni ya mistari ya maagizo yaliyo ndani yamefichika. Kwa hivyo kampuni inayochelewa sokoni ili kuziba nyufa hupitwa na ile inayouza leo na kutia viraka kesho. Marehemu Profesa Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge alieleza hayo mnamo 2001: usalama huzorota pale ambapo anayeweza kuuimarisha siye anayeumia ukikosekana. Na katika ule mkataba mrefu ambao sote huukubali bila kuusoma, muuzaji huwa amejivua lawama mapema.

Si kwamba wauzaji hawakujua. Mnamo Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wa Microsoft akiwaagiza watangulize usalama mbele ya vikorombwezo vipya. Hata hivyo, Agosti 2003 kirusi Blaster kilienea duniani kupitia ufa wa Windows ambao kiraka chake kilikuwa kimetolewa mwezi mmoja awali.

Kuna shuku moja, nayo ni nzito zaidi, ambayo ilithibitika. Shirika la Usalama wa Kitaifa la Marekani (NSA) lilikuwa limegundua ufa katika Windows na kuuweka siri ili liutumie kwa ujasusi. Zana hiyo iliibwa, ikaanikwa mtandaoni Aprili 2017. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka mwezi Machi, lakini wengi hawakukitia. Mei 12 mwaka huo, WannaCry ilianza kufunga faili na kudai fidia. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika takriban mataifa 150 ziliathirika, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Rais wa Microsoft, Brad Smith, alizikashifu hadharani serikali zinazorundika siri za aina hiyo. Alikuwa na haki ya kulalamika, ingawa ufa wenyewe ulitoka katika karakana yake.

Wakenya wanakumbuka jinsi matatu zilivyopata mikanda na vidhibiti mwendo. Wenye magari hawakuamka siku moja wakiwa na huruma. Zilikuwa kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Kwa programu, Muungano wa Ulaya umefuata njia hiyo. Sheria yake ya 2024 inawataka waundaji wa bidhaa za kidijitali wazibe nyufa na kutoa viraka, na majukumu yake makuu yanaanza Desemba 2027. Kwetu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 imemlenga anayevamia mitambo, si anayeuza mlango usiofungika.

Hata sheria ya Ulaya ingeletwa hapa, mwenye kibanda anayetumia nakala ya Windows isiyo na leseni angesalia pabaya. Wengi wa aina hiyo huzima upokeaji wa viraka wakihofia kugunduliwa, na kirusi kinapoingia hawana risiti ya kumdai yeyote.