Kadi ya modemu kuenea kwenye tundu si kukubaliwa

Chomoa kadi ya modemu ya mtandao wa simu kwenye ThinkPad iliyokufa, uipachike kwenye laptopu ya HP ya rika lake: itaingia vizuri na skrubu itashika. Ukiwasha, mashine inaweza kugoma kabla Windows haijaanza, ikikutaka uondoe kifaa kisichoruhusiwa. Kwenye ThinkPad za zamani, kosa hilo lina namba 1802. Kwenye HP ni 104.

Kadi yenyewe ni nzima. BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, imesoma utambulisho wake na kuukosa kwenye orodha ya kadi zilizoidhinishwa. Watengenezaji hutaja sheria za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, zinazotaka modemu na antena zipimwe pamoja ndani ya mashine, kwa kuwa mionzi yake inamkaribia mtumiaji. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, naona ni dhuluma kumfungia mlango aliyekwisha kununua mashine bila kumwambia mapema.

Kwenye laptopu mpya zaidi kikwazo hakionekani upesi. Kadi inatambulika, laini inasomeka, lakini redio imezimwa hadi programu ya mtengenezaji itume amri ya kuifungua. Wanaotumia Linux wajue kwamba ModemManager, programu inayosimamia modemu huko, tangu toleo la 1.18.4, haitumi amri hiyo yenyewe. Ni lazima uiruhusu.

Hata ukivuka hapo, kuna masafa. Kadi za Sierra Wireless EM7455 na EM7430 zinafanana kama mapacha, ila ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya Asia na Pasifiki na haina bendi ya 20, yaani 800 MHz, ambayo Safaricom huitumia kwa 4G nchini Kenya. Mahali penye bendi hiyo peke yake, 4G hutaipata.

Tazama pia ndani ya mashine. Laptopu iliyouzwa bila modemu huenda haina tundu la laini wala nyaya za antena. Vichwa vya nyaya za kadi za mini PCI Express ni vikubwa kuliko vya kadi za M.2; ukivilazimisha utavunja kiungio.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji modeli kamili ya kadi, na kama ni ThinkPad, linganisha namba yake ya FRU, yaani namba ya kipuri, na ile iliyo kwenye mwongozo wa mashine yako. Zisipolingana, nunua modemu ya USB. Haipiti kwenye orodha ya BIOS.