Mtu Yupo au Hayupo?

Tuseme kijana wa Lamu amepata kazi ya mapokezi katika hoteli ya Westlands, Nairobi. Akitoka kazini hupanda matatu hadi mjini, Barabara ya Loita, ambako Alliance Française hufundisha Kifaransa. Ameshajua kwamba "une personne" ni mtu.

Siku moja mgeni wa kutoka Moroni, Komoro, anarudi hotelini na kumwuliza kwa Kifaransa: nani amekuja kuniona? Yuko mzee anayemngoja ukumbini tangu alasiri. Kijana jina la mzee hakulishika, basi anajibu kwa furaha, "Personne!" Mgeni anashukuru na kwenda zake chumbani. Mzee anangoja mpaka magharibi, anaondoka na hasira zake.

Kijana alitaka kusema "mtu". Alilosema ni "hakuna mtu". Lililotakiwa ni "quelqu'un", mtu asiyetajwa jina.

Ndugu msomaji, usimcheke. Neno letu Waswahili ni moja tu: "nimemwona mtu", "sikumwona mtu". Kukanusha ni kazi ya kitenzi, mtu mwenyewe hana habari. Mfaransa hubadili na neno: "j'ai vu quelqu'un", lakini "je n'ai vu personne". Kitu kadhalika: kikiwapo ni "quelque chose", kisipokuwapo ni "rien". Na ukishataja "personne" au "rien", ile "pas" ya kukanushia uiache, "ne" inatosha.

La ajabu ni kwamba Kifaransa nacho kilianzia hapa tulipo sisi. "Rien" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu, na "personne" ni mtu yule yule. Kwa kuzoea kuandamana na "ne", maneno haya yakageuka yenyewe kuwa ukanusho. Aliyesoma nahau chuoni ana mfano wake: "maa jaa'a ahad", hakuja mtu.

Mahali pa kuyaweka ndipo panapochosha. "Je n'ai rien vu", sikuona kitu: "rien" hutangulia "vu". "Personne" hufuata nyuma. Hilo ni la kushika tu.

Mimi nilipendalo ni "on", ambalo asili yake pia ni mtu. "On dit" ni yale yale ya "yasemekana", wala aliyeanza kusema hajulikani. Lakini Mfaransa akikuambia "on y va", maana yake ni "twende", na yeye mwenyewe yumo safarini.